Nagano, Japani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nagano ni mji au mkoa?

Ni vyote viwili, na hapo ndipo watu wanapoanza kuchanganyikiwa. Kuna Mkoa wa Nagano, na kuna Mji wa Nagano ambao ndio makao makuu ya mkoa huo. Mtu akikuambia alikwenda Nagano kuwatazama nyani wanaooga kwenye chemchemi za maji moto, alikwenda mkoani, eneo la Yamanouchi, wala si mjini. Wenyeji wao hupunguza utata huu kwa kuuita mkoa "Shinshu", kutokana na jina la kale la jimbo la Shinano.

Hapa tunauzungumzia mji. Una wakazi kama 370,000 na eneo la kilomita za mraba 835 hivi. Ukubwa huo usikudanganye, kwa sababu sehemu kubwa ni milima na misitu iliyoingizwa ndani ya mipaka ya mji pale vijiji vya jirani, Togakushi kikiwemo, vilipounganishwa nao mwaka 2005.

Uko wapi hasa, na uko juu kiasi gani?

Uko katikati ya Honshu, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Japani. Kati ya mikoa 47 ya nchi hiyo, minane tu haina pwani, na Nagano ni mmojawapo. Wenyewe umepakana na mikoa minane mingine.

Wengi hudhani mji umekaa kileleni. Haukukaa kileleni, umekaa bondeni. Katikati ya mji ni mita 360 hivi tu juu ya usawa wa bahari, ila ukiinua macho upande wowote unakutana na mlima. Kaskazini-magharibi kuna Iizuna (mita 1,917) na nyuma yake Togakushi (mita 1,904) wenye kingo kali kama meno ya msumeno. Magharibi zaidi ndiko iliko safu ya Alpsi za Japani, yenye vilele vinavyokaribia mita 3,000.

Sakafu ya bonde imetandazwa na mito miwili, Chikuma na Sai, inayokutana ndani ya mji. Chikuma ukivuka mpaka na kuingia Mkoa wa Niigata hubadilishwa jina na kuitwa Shinano. Mto mzima una urefu wa kilomita 367 na ndio mrefu kuliko yote Japani. Ushike mkutano huo wa mito, maana utaurudia katika vita, katika matofaa na katika mafuriko.

Kama hakuna bahari, zamani chumvi ilitoka wapi?

Swali zuri, na jibu lake linaeleza mambo mengi kuhusu watu wa huku. Chumvi ilibebwa mgongoni na wachukuzi, au na ng'ombe, kupitia njia za milimani. Mashuhuri zaidi ni ile ya kutoka Itoigawa, kwenye Bahari ya Japani, hadi Matsumoto, mji mwingine wa mkoa huu; njia hiyo mpaka leo huitwa Njia ya Chumvi.

Katika karne ya 16 watawala wa pwani ya Pasifiki walimfungia chumvi Takeda Shingen, bwana wa jimbo la Kai aliyekuwa ameiteka sehemu kubwa ya Shinano. Inasimuliwa kuwa hasimu wake mkubwa, Uesugi Kenshin wa Echigo, jimbo la pwani ya Bahari ya Japani, alikataa kuishiriki hila hiyo na akaacha chumvi ya upande wake iendelee kwenda. Wajapani wana msemo hadi leo, "kumpelekea adui chumvi". Yawezekana kabisa kwamba Kenshin hakupeleka chochote ila aliwaacha wafanyabiashara wake wauze kama kawaida, tena kwa faida. Msemo hautaki kujua hayo.

Baridi ya Nagano ni kali kweli?

Kwa aliyezaliwa Mombasa au Tanga, ndiyo, kali sana. Januari wastani wa joto kwa siku nzima, mchana na usiku, uko chini kidogo ya sifuri. Kipimo cha chini kabisa kuwahi kuandikwa mjini ni nyuzi 17 chini ya sifuri, Januari 1934.

Theluji ndiyo inayowashangaza wageni, kwa sababu mjini si nyingi kama wanavyotarajia. Upepo wa majira ya baridi hutoka Siberia ukiwa mkavu na wa baridi. Ukipita juu ya Bahari ya Japani, ambayo maji yake ni ya vuguvugu kuliko huo upepo, unanyonya unyevu. Ukigonga milima hupandishwa juu, hupoa, na kuutua mzigo wote kama theluji. Maeneo ya mbele, yale yanayotazama bahari, ndiyo yanayofukiwa: Februari 1945, katika stesheni ndogo ya Morimiyanohara kaskazini kabisa mwa mkoa, theluji ilipimwa mita 7.85. Hakuna stesheni ya reli Japani iliyoivunja rekodi hiyo. Mji wa Nagano uko nyuma ya ukuta wa milima, kwa hiyo unapata masalia: jumla ya sentimita 160 hivi kwa msimu, tena ya siku mbalimbali, inayoyeyuka na kuanguka tena. Mtu aliye mjini asubuhi anaweza kuona barabara kavu, akapanda basi kwa saa moja kuelekea Togakushi na kukuta theluji imemfika kiunoni.

Na kiangazi? Si kuna ubaridi wa milimani?

Hapana. Bonde ni sufuria. Agosti wastani wa siku nzima ni nyuzi 25 na ushee, mchana hupita 30 bila shida, na Agosti 1994 ilifika 38.7. Tofauti na Tokyo ni kwamba jua likizama hewa hushuka kutoka milimani na usiku unalalika.

Mvua je?

Kidogo kwa viwango vya Japani: chini kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, wakati Tokyo hupata karibu 1,600. Sababu ni ile ile ya milima. Unyevu wa Bahari ya Japani hubaki upande mmoja na wa Pasifiki upande wa pili.

Mji ulianzaje?

Miji mingi mikubwa ya Japani ilianza kwenye ngome ya bwana fulani. Nagano ulianza kwenye mlango wa hekalu, na kwangu mimi hilo ndilo jambo la kwanza la kujua kuuhusu. Wajapani wana neno kwa miji ya namna hii, "monzenmachi", yaani mji ulio mbele ya lango la hekalu.

Hekalu ni Zenkoji. Masimulizi yake yanasema sanamu yake kuu, Buddha Amida na wasaidizi wawili, iliingia Japani katika karne ya 6 kutoka ufalme wa Baekje huko Korea, miongoni mwa sanamu za kwanza kabisa za Kibuddha kufika nchini. Wapinzani wa dini hiyo ngeni wakaitupa kwenye mfereji huko Naniwa, Osaka ya leo. Mtu wa kawaida kutoka Shinano, Honda Yoshimitsu, akaiokota na kuibeba mgongoni mpaka kwao. Herufi za jina Yoshimitsu zinaweza pia kusomwa "Zenko", ndipo hekalu likachukua jina lake. Mwaka wa kuanzishwa hapa unatajwa kuwa 642.

Jengo kuu lililopo leo lilikamilika mwaka 1707, baada ya mengine kuteketea. Upana wake ni mita 24 na kina mita 54 hivi, na limeorodheshwa kuwa Hazina ya Taifa. Zenkoji halikuwa mali ya dhehebu moja. Hata leo linaendeshwa na madhehebu mawili kwa pamoja, Tendai na Jodo, na mmoja wa wakuu wake ni mtawa mwanamke. Tangu zamani lilisifika kwa kuwapokea wanawake wakati mahali pengi patakatifu paliwafungia milango. Kwa hiyo watu walikuja, na waliokuja walihitaji pa kulala, chakula na viatu vipya vya majani. Mji wenyewe ulitokana na mahitaji hayo.

Ni kweli sanamu hiyo haijaonekana na mtu yeyote?

Ndivyo hekalu linavyoshikilia: sanamu ya asili imefichwa, na hata makasisi hawaioni. Kinachoonyeshwa ni nakala, nayo hutolewa mara moja tu kila mwaka wa saba kwa hesabu ya Kijapani, ambayo kwa hesabu yetu ni kila baada ya miaka sita. Awamu ya 2021 ilisogezwa hadi 2022 kwa sababu ya korona. Wakati huo nguzo ndefu husimamishwa mbele ya jengo, ikiunganishwa kwa kamba na mkono wa ile nakala, na anayeigusa nguzo anahesabiwa kuwa amegusana na Buddha. Foleni yake si ya mtu mwenye haraka.

Ng'ombe anahusikaje na Zenkoji?

Ukitembea mjini utawaona ng'ombe wa sanamu na wa kwenye vitambaa. Inasimuliwa kuwa bibi mmoja asiye na habari na dini alikuwa ameanika kitambaa cheupe. Ng'ombe akapita, pembe ikakinasa, akaondoka nacho mbio. Bibi akamfukuza, mguu kwa mguu, hadi akajikuta ndani ya uwanja wa Zenkoji jioni. Huko ndiko moyo wake ulikobadilika. Leo mtu akifikishwa pazuri na jambo ambalo hakulikusudia, Wajapani husema "amevutwa na ng'ombe hadi Zenkoji".

Kawanakajima ni nini?

Ni uwanda kati ya mito ile miwili, upande wa kusini wa mji. Kati ya 1553 na 1564 Takeda Shingen na Uesugi Kenshin walikabiliana hapo mara tano. Mara nyingi walitunishiana misuli tu na kurudi nyumbani. Mwaka 1561 haikuwa hivyo.

Kenshin alikuwa amepiga kambi juu ya mlima Saijo. Mpango wa Shingen uliitwa mbinu ya kigong'ota, kwa jinsi ilivyosimuliwa kuwa ndege huyo hugonga mti upande wa nyuma ili mdudu atokee mbele. Kikosi kimoja kingepanda usiku kumshtua Kenshin, naye akishuka angemkuta Shingen amemsubiri bondeni. Kenshin akanusa jambo. Akashuka mapema gizani, akavuka mto kimyakimya. Asubuhi ukungu wa mito ulipoinuka, Shingen alimwona adui yuko mbele yake, wakati nusu ya jeshi lake iko mlimani ikivamia kambi tupu. Ndugu yake Nobushige aliuawa siku hiyo. Simulizi maarufu ya Kenshin kumvamia Shingen kwa upanga, na huyu kuukinga kwa pepeo la chuma la kujipungia hewa, imechongewa sanamu pale Hachimanbara, kwenye uwanja huo wa vita. Kama ilitokea kweli, sina hakika nayo, lakini sanamu inapendeza.

Mshindi hakupatikana waziwazi. Aliyepoteza zaidi ni mji. Shingen aliihamisha sanamu ya Zenkoji kwenda Kofu, makao yake huko Kai, na baadaye ikapita mikononi mwa wababe wengine hadi Toyotomi Hideyoshi akaipeleka Kyoto mwaka 1597. Hideyoshi akaugua. Sanamu ikarudishwa Nagano 1598, na Hideyoshi akafariki siku zile zile. Miaka 40 bila sanamu, mji uliozaliwa na mahujaji ulikuwa kama duka lililofungwa.

Tetemeko la 1847 lilikuwa kubwa kiasi gani?

Linakadiriwa kuwa la kipimo cha 7.4, na lilipiga wakati mbaya kuliko wote: usiku wa tarehe 8 Mei, msimu wa kuonyeshwa ile nakala ya sanamu, nyumba za wageni zikiwa zimefurika mahujaji. Nyumba zilianguka, moto ukafuata, maelfu wakafa. Jengo kuu la hekalu lilibaki limesimama. Balaa halikuishia hapo, kwani upande wa juu wa mto Sai mlima ulimeguka na kuuziba mto. Maji yakajikusanya nyuma ya kifusi kwa karibu siku 20, kisha yakapasua na kuteremka bondeni.

Kwa nini makao makuu ni Nagano na si Matsumoto?

Usilianzishe swali hili katika baa ya Matsumoto. Kwa kifupi, ni moto. Baada ya mapinduzi ya Meiji, yaliyomrudishia mfalme mamlaka mwaka 1868, ofisi ya mkoa wa kaskazini ilikuwa Nakano. Mwishoni mwa 1870, kwa kalenda ya kale ya Kijapani, wananchi wenye hasira waliichoma, na mwaka uliofuata ikahamishiwa Nagano. Matsumoto, mji wa ngome wenye fahari yake, ulikuwa makao makuu ya mkoa mwingine ulioitwa Chikuma. Mwaka 1876 ofisi yake nayo ikaungua, mkoa ukafutwa, na sehemu yake kubwa ikaunganishwa na Nagano. Nagano ulipata hadhi ya mji rasmi tarehe 1 Aprili 1897.

Matsumoto hawakusahau. Mwaka 1948 baraza la mkoa lilijadili hoja ya kuugawa mkoa vipande viwili, na wafuasi wa mgawanyo walikuwa karibu kushinda. Hapo wasikilizaji ukumbini wakaanza kuimba wimbo wa "Shinano no Kuni", ambao watoto wengi wa mkoa huo wamefundishwa shuleni. Hoja ikafa. Wimbo huo ukaja kufanywa rasmi kuwa wimbo wa mkoa mwaka 1968.

Mahandaki ya Matsushiro yalichimbwa kwa ajili gani?

Matsushiro ni mji wa ngome wa ukoo wa Sanada, uliotawala hapo kuanzia 1622. Ulimezwa na Mji wa Nagano mwaka 1966. Novemba 1944, Japani ikielekea kushindwa vitani, jeshi lilianza kuchimba huko pa kuwahamishia Mfalme Mkuu na makao makuu ya vita, ndani ya miamba, mbali na bahari na ndege za Marekani. Milima mitatu ilitobolewa, jumla ya kilomita 10 hivi za mahandaki, katika miezi tisa. Maelfu ya wachimbaji walikuwa Wakorea, wengi wao wakiwa wamelazimishwa, na waliofia humo hawana hesabu inayoaminika. Vita vikaisha Agosti 1945 kabla ya kazi kumalizika. Leo mita 500 za handaki la mlima Zozan ziko wazi kwa wageni. Ni pazito.

Kisha kuna kichekesho cha historia. Sehemu ya mahandaki hayo iligeuzwa kituo cha kupima matetemeko, na kuanzia Agosti 1965 matetemeko yakaja yenyewe mlangoni. Kwa miaka kadhaa ardhi ya Matsushiro ilitikisika bila kuchoka, na mitikisiko zaidi ya 60,000 ilikuwa na nguvu ya kuhisiwa na watu. Maji ya chini ya ardhi yaliyokuwa yakisukumwa juu yalihusishwa sana na jambo hilo, na chemchemi mpya zikafumuka.

Mafuriko ya 2019 yalisababishwa na nini?

Kimbunga Hagibis kilimwaga mvua kwenye milima yote inayolisha Chikuma. Chini kidogo ya mji, mto unabanwa ghafla penye Tategahana, hivyo maji mengi yakija hurudi nyuma kama kwenye sinki lililoziba. Alfajiri ya tarehe 13 Oktoba tuta la mto lilipasuka kwa urefu wa mita 70 hivi katika eneo la Hoyasu. Picha iliyozunguka dunia ni ya treni za mwendokasi zimepangana ndani ya maji ya matope: treni 10, mabehewa 120, zilizamia kwenye yadi yake. Wazee wa huko walikuwa wakisimulia mafuriko ya 1742, mwaka wa mbwa kwa kalenda yao, tangu utotoni. Eneo lilikuwa lile lile.

Michezo ya Olimpiki ya 1998 ilifanyika mjini?

Kwa kiasi. Ilikuwa tarehe 7 hadi 22 Februari, na ufunguzi, ufungaji na michezo mingi ya barafu vilikuwa mjini. Ukumbi wa M-Wave, wenye paa la mawimbi, umebaki kama kumbukumbu. Kuteleza mlimani kulikuwa Hakuba na kwingineko mkoani. Nagano, kwenye nyuzi 36 na nusu hivi kaskazini, ndio mji ulio karibu zaidi na ikweta kuwahi kuwa mwenyeji wa Olimpiki za majira ya baridi.

Yule Mkenya je?

Philip Boit, mwanariadha wa mbio za kati kutoka Eldoret, ndiye Mkenya wa kwanza katika michezo hiyo. Theluji aliiona mara ya kwanza Finland, alikopelekwa kujifunza, miaka miwili tu kabla. Alishiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza huko Hakuba, theluji ikiwa imelowa mvua na kunata, akamaliza wa mwisho, wa 92, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe. Dæhlie alikuwa bado amesimama mstarini. Sherehe ya medali ilibidi isubiri, kwa sababu bingwa alitaka kwanza kumkumbatia huyo wa mwisho. Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie, na akarudi Olimpiki mara mbili nyingine, 2002 na 2006.

Watu wa huko wanakula nini?

Vitu vya nchi isiyo na mpunga wa kutosha. Tambi za soba, hasa za Togakushi, hutokana na nafaka ngumu inayovumilia baridi na udongo wa mlimani. Oyaki ni maandazi ya unga wa ngano au soba yaliyojazwa mboga za majani, boga au biringanya, na zamani yaliokwa kwenye majivu ya jiko. Matofaa ni mfalme. Mkoa ni wa pili Japani baada ya Aomori, na udongo ulioletwa na Chikuma pamoja na tofauti kubwa kati ya joto la mchana na baridi ya usiku ndivyo huyapa rangi na utamu. Mashamba mengi ya matofaa ya mjini ndiyo hayo hayo yaliyofunikwa na matope mwaka 2019.

Nikiwa na siku moja tu, nifanyeje?

Treni ya mwendokasi kutoka Tokyo, reli iliyofika Nagano Oktoba 1997 kwa ajili ya Olimpiki, hutumia kati ya dakika 80 na saa moja na nusu na kidogo. Ila ukiweza, fika jana yake na ulale kwenye mojawapo ya nyumba za wageni za hekaluni, maana ibada ya Zenkoji huanza jua linapochomoza. Kutoka stesheni ni kilomita mbili hivi za mwinuko mpole, na mwisho wake ni njia ya mawe inayosemekana kuwa na mawe 7,777.

Baada ya ibada ingia kwenye handaki lililo chini ya madhabahu. Si giza la kukatika umeme, ni giza ambalo hata mkono wako huuoni. Weka mkono wa kulia ukutani usawa wa kiuno, na usiutoe. Penye kona utaligusa kufuli la chuma, lililo chini kabisa ya ile sanamu ambayo hakuna aliyeiona. Litikise mara moja, lisikie likigonga, kisha endelea kutembea, kuna mtu nyuma yako.